Ameumia barabarani akiwa kazini: adai kwa mwajiri au kwa bima ya gari lililomgonga?

Dada Mkubwa

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye uzoefu wa madai ya fidia, kwa sababu tumefika mahali ambapo kila tunayemuuliza anatuelekeza kwa mwingine.

Mdogo wangu anapeleka mizigo kwa pikipiki kwa niaba ya kampuni moja. Akiwa njiani kumfikishia mteja mzigo, katikati ya saa za kazi, gari dogo lililokuwa likitoka upande wa pili lilikata kona mbele yake bila kutoa ishara, likamgonga. Alivunjika muundi, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, lakini mpaka leo hawezi kuinua wayo, na anapojaribu kutembea vidole vinaburuta chini. Daktari anasema mshipa wa fahamu unaopita kando ya goti uliumia. Polisi walifika, wakapima eneo la ajali na kuchukua maelezo ya mashahidi.

Mwajiri wake anasema hilo ni jambo la barabarani, tumwendee mwenye gari, na anaongeza kwamba mkataba wa mdogo wangu unamtaja kuwa mkandarasi huru, hivyo hamhesabu kuwa mfanyakazi wake. Kwa upande mwingine, mwakilishi wa kampuni iliyolikatia bima gari hilo amekuja nyumbani na hati. Kiasi wanachotoa kinalipa gharama za hospitali zilizokwisha kutumika na kubakiza kidogo, na hati inasema kwamba akipokea atakuwa amepata malipo kamili na ya mwisho. Mwakilishi huyo anasema tusichelewe, na anadai kwamba kwa kuwa kofia ya pikipiki haikuwa imefungwa sawasawa, mdogo wangu naye ana sehemu ya kosa.

Je, tudai kwa nani kati ya hao wawili? Inawezekana kudai kwa wote? Na atie saini?

Wakili wa Madai

Dada, poleni sana, na Mungu amjalie mdogo wako nafuu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari ya karibu: kwa sasa asitie saini hati hiyo.

Atakayeitia saini anakuwa ameingia mkataba wa kulimaliza dai, na mahakama haziufuti mkataba wa namna hiyo kwa sababu tu kwamba jeraha limegeuka kuwa baya kuliko lilivyodhaniwa. Mtu anayetaka kurudi nyuma hubebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alidanganywa, alilazimishwa au hakuwa na uwezo wa kuelewa alichokuwa akikikubali, na mzigo huo ni mzito. Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hulijua zimeshachelewa: mfuko wa fidia ya wafanyakazi, au bima ya mwajiri, ukimlipa aliyeumia, mara nyingi hupata haki ya kumdai aliyesababisha ajali ili urudishiwe ulichotoa. Mdogo wako akishamsamehe dereva kwa maandishi atakuwa ameiziba njia hiyo, na mfuko unaweza kuitumia saini yake kama sababu ya kupunguza au kukataa malipo.

Sasa niseme kuhusu nani wa kudaiwa. Ajali yake imefungua milango miwili inayosimama juu ya misingi tofauti kabisa, na kutoielewa misingi hiyo ndiko kunakowafanya watu wasukumwe huku na huko kama ninyi.

Mlango wa kwanza ni fidia ya kazini. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1897, baada ya miaka mingi ambayo mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine alikuwa halipwi kitu mpaka amthibitishe mwajiri wake kuwa mzembe mbele ya mahakama. Sheria hizo zilileta makubaliano ambayo bado ndiyo msingi wa mifumo mingi duniani: mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kosa la mtu yeyote, inatosha aonyeshe kwamba aliumia katika kazi na kwa sababu ya kazi, naye kwa upande wake anakubali malipo yanayopangwa kwa kanuni, ambayo kwa kawaida hayana fungu la maumivu na mateso. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 umeweka kiwango cha asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili ambaye hawezi kufanya kazi, pamoja na matibabu. Nchi nyingine hutoa zaidi ya hapo, nyingine hazifiki.

Mlango wa pili ni dai dhidi ya dereva na mwenye gari, ambalo hulipwa na bima yao ya mtu wa tatu. Hapa uzembe wa dereva lazima uthibitishwe, ndiyo maana ramani ya polisi na maelezo ya mashahidi ni mali kubwa kwenu. Kwa kuwa kosa linathibitishwa, madhara yanayolipwa nayo ni mapana zaidi: gharama za hospitali zilizopita na zijazo, kipato kilichopotea na kitakachopotea, maumivu, kupungua kwa starehe za maisha, hata pikipiki iliyoharibika kama ni yake.

Katika mifumo mingi, milango yote miwili inaweza kufunguliwa kwa ajali moja. Kinachokatazwa ni kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile. Kwa hiyo mfuko wa kazini ukimlipa asilimia 60 ya mshahara alioukosa, kwa dereva atadai asilimia 40 iliyobaki pamoja na yale ambayo mfuko haukuyagusa kabisa. Zipo nchi zilizochagua njia nyingine. New Zealand, kwa mfano, tangu mwaka 1974 iliondoa haki ya kushtaki kwa ajili ya majeraha ya ajali na kuweka chombo kimoja cha umma kinachomhudumia kila aliyeumia bila kuuliza kosa ni la nani, kikimlipa aliyekuwa na kazi asilimia 80 ya kipato chake cha wiki. Ndiyo sababu swali la kwanza la kumuuliza wakili au ofisi ya kazi ya huko mliko ni kama sheria yenu inaruhusu njia zote mbili na kwa utaratibu gani.

Kauli ya mwajiri kwamba hili ni jambo la barabarani haina uzito. Pendekezo Na. 121 la Shirika la Kazi Duniani, lililotolewa pamoja na mkataba niliokwisha kuutaja, linataka ajali ya kazini ijumuishe ile inayotokea katika saa za kazi mahali popote ambapo mfanyakazi asingekuwapo kama si kazi yake, na linakwenda mbali zaidi hadi kumgusa aliyeumia katika njia ya moja kwa moja kati ya kazini na nyumbani. Kuhusu safari za kwenda na kurudi kazini sheria za nchi hutofautiana sana. Lakini mpeleka mizigo aliyegongwa akiwa na mzigo wa mteja hayuko katika safari ya namna hiyo. Barabara ndiyo mahali pake pa kazi.

Kuhusu kofia, mwambie mwakilishi huyo kwa upole kwamba uzembe wa aliyeumia hupunguza fidia pale tu unapokuwa umechangia ajali au jeraha linalodaiwa. Kofia isiyofungwa ingekuwa hoja nzito kama angekuwa ameumia kichwa. Mguu uliovunjika chini ya goti haukukingwa na kofia.

Mwisho, muda. Kuna saa mbili zinazokimbia kwa pamoja: muda wa kutoa taarifa kwa mwajiri na kwa mfuko, ambao unaweza kuwa wa siku au miezi, na ukomo wa kufungua shauri mahakamani, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka. Mazungumzo na kampuni ya bima, hata yakiwa mazuri namna gani, kwa kawaida hayaisimamishi saa ya mahakama. Nimekutana na watu waliojibiwa barua kwa heshima mwezi hadi mwezi, na siku muda ulipopita barua zikakoma.

Mtaalamu wa Viungo

Naongezea upande wa tiba, kwa kuwa ndiko ulipo ushahidi ambao hati ya mwakilishi inautangulia.

Mshipa wa fahamu ulioumia lakini ambao bado una uwezo wa kuota hukua takriban milimita 1 kwa siku. Maana yake ni kwamba sentimita 10 tu zinahitaji zaidi ya miezi 3, na hapo bado misuli haijaanza kufundishwa upya. Tena misuli haingoji milele: ikikaa bila mshipa kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, uwezo wake wa kuupokea hupungua sana. Kwa hiyo hakuna daktari anayeweza leo kusema kwa uhakika kama wayo wa kijana huyu utainuka tena, na anayekadiria thamani ya jeraha lake sasa hivi anakadiria kitu ambacho hakijaonekana. Asilimia ya ulemavu wa kudumu hupimwa hali ya mgonjwa inapokuwa imetulia, yaani matibabu yanapokuwa yamefika mahali ambapo hayatarajiwi kuleta mabadiliko makubwa zaidi. Kupima mapema humpunja mgonjwa au, mara chache, humzidishia na kusababisha ripoti ikataliwe.

Ombeni kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu na misuli, kirudiwe baada ya miezi kadhaa, na majibu yote yawekwe pamoja. Kama atahitaji kifaa cha kuushikilia wayo, daktari aandike kwamba kifaa hicho huchakaa na kwamba kitabadilishwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Kama chuma kitatakiwa kutolewa baadaye, hilo nalo ni upasuaji mwingine wenye gharama zake na siku za kutokwenda kazini, na linapaswa kutajwa katika ripoti. Kama mpasuko wa mfupa ulifika kwenye kiungo, kuna uwezekano wa kiungo hicho kuchakaa mapema baada ya miaka. Mambo haya yasipoandikwa na daktari, mkadiriaji wa bima hawezi kuyahesabu hata akitaka.

Nendeni pia mkaangalie kumbukumbu za siku ya kwanza hospitalini. Mara nyingi mpokeaji huandika tu "ajali ya pikipiki". Maneno "akiwa kazini, akipeleka mzigo" yakikosekana hapo, mwajiri atayatafuta na atafurahi kutoyaona. Mwombeni daktari aongeze maelezo sahihi kwa tarehe ya siku anayoyaongeza. Msikubali mtu abadilishe maandishi ya zamani, kwa kuwa faili lililochezewa huharibu hata yaliyo ya kweli.

Na kijana mwenyewe aandike kwa maneno yake yale asiyoyaweza: kupanda ngazi, kukanyaga gia, kusimama kwa muda mrefu, kulala bila maumivu. Aandike kweli tupu. Aliyesema hawezi kutembea kabisa, kisha akaonekana akitembea kwa fimbo, hupoteza imani ya wasikilizaji kwa mambo yote, hata yale aliyoumia kweli.

Mkadiriaji Mstaafu

Nilifanya kazi ya kukadiria madai upande wa bima kwa muda mrefu, na ninakubaliana na waliotangulia kwa sehemu kubwa, lakini sitaki ushauri wa kusubiri utolewe kana kwamba kusubiri ni bure. Nimeona familia zikiuza vitu vyote zikingoja fidia kubwa, na fidia ilipokuja ikaishia kulipa madeni ya kungojea. Kwa jeraha dogo lililokwisha kupona, kupokea mapema ni uamuzi wa busara. Jeraha la mdogo wako si dogo na halijapona, kwa hiyo hapa nasema asubiri. Ila asubiri kwa mpango.

Mjue kinachotokea ofisini. Taarifa ya ajali ikifika, kampuni hutenga akiba kwa ajili ya dai hilo kulingana na nyaraka zilizopo, na mkadiriaji hupewa kiwango ambacho hawezi kukivuka bila idhini ya wakubwa wake. Mwakilishi aliyekuja nyumbani kwenu amebeba kiasi kilichotokana na faili jembamba: pengine taarifa ya polisi na risiti chache. Kumlalamikia hakubadilishi kiasi hicho. Kinachokibadilisha ni karatasi mpya zinazomlazimu kurudi kwa wakubwa wake na kuomba akiba iongezwe.

Karatasi inayokosekana mara nyingi kuliko zote ni ya kipato. Mpeleka mizigo anayelipwa kwa kila safari hana hati ya mshahara, basi mkadiriaji humwekea kima cha chini na kuendelea. Kusanyeni orodha ya safari zake kutoka kwenye programu ya kampuni, miamala ya malipo kwenye simu, na taarifa za benki kama anazo, kwa miezi mingi ya kabla ya ajali na si mwezi mmoja uliokuwa mzuri. Hasara ya kipato kijacho hupatikana kwa kuchukua pengo la mwaka mmoja, kulizidisha kwa idadi ya miaka, kisha kupunguza kwa kuwa fedha inalipwa mkupuo na kwa kuwa maisha yana mengine yasiyotabirika. Pengo la mwaka likikosewa mwanzoni, kosa hilo huzidishwa mara miaka yote.

Kuhusu fedha za sasa, ombeni malipo ya sehemu kwa gharama zisizo na ubishi. Kampuni yenye dereva ambaye kosa lake liko wazi inaweza kukubali, kwa kuwa nayo hainufaiki na mgonjwa kukosa matibabu na jeraha kuwa kubwa zaidi.

Dada Mkubwa

Nawashukuru sana, sikujua kwamba mshipa unakwenda polepole kiasi hicho. Hatutatia saini. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwajiri akikataa kutoa taarifa kwa mfuko kwa hoja ya ukandarasi huru, nani ataitoa? Na hayo malipo ya sehemu tuyaombe kwa maneno gani ili yasigeuke kuwa yale yale ya mwisho?

Katibu wa Tawi

Dada, la mwajiri nitalijibu mimi, kwa kuwa katika chama cha wafanyakazi tunalishughulikia kila mara.

Jina lililoandikwa kwenye mkataba halimalizi swali. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2006 linasema kuwapo kwa uhusiano wa ajira kuamuliwe kwanza kwa kuangalia ukweli wa jinsi kazi inavyofanyika na mfanyakazi anavyolipwa, hata kama mkataba unaueleza uhusiano huo kwa jina jingine, na mahakama za nchi nyingi zimefuata mkondo huo. Basi jiulizeni: nani alimpangia saa na njia? Angeweza kumtuma mtu mwingine badala yake? Angeweza kukataa safari bila kuadhibiwa? Bei ya kupeleka mzigo ilipangwa na nani? Sare na sanduku ni vya nani? Je, kipato chake chote, au karibu chote, kilitoka hapo? Ujumbe wa simu ambao msimamizi alimwamuru aende mahali fulani kwa saa fulani una nguvu kuliko kurasa nyingi za mkataba. Auhifadhi leo, kabla akaunti yake ya kazini haijafungwa, kwa sababu hufungwa.

Taarifa aitoe mwenyewe kwa maandishi, au ninyi kwa niaba yake: tarehe, saa, mahali, alichokuwa akikifanya, alivyoumia, majina ya walioona. Nakala moja kwa mwajiri, nyingine kwa mfuko au kwa ofisi ya kazi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria nyingi humpa mfanyakazi au jamaa zake nafasi ya kuripoti pale mwajiri anapokataa, na kukataa kwenyewe kunaweza kuwa kosa la mwajiri. Angalieni vilevile jinsi siku zake za kutokwenda kazini zinavyoandikwa. Zikiandikwa kama likizo ya ugonjwa wa kawaida, pingeni kwa barua, maana kumbukumbu hiyo itasomwa baadaye kama ushahidi kwamba hata yeye hakuona kwamba aliumia kazini.

Wakili wa Madai

Namalizia swali la pili. Barua iwe fupi, itaje namba ya dai, iambatanishwe na risiti, na iseme maneno ya aina hii: "Tunaomba malipo ya sehemu kwa ajili ya gharama za matibabu zilizoorodheshwa. Malipo hayo yatapunguzwa kutoka katika fidia itakayokubaliwa au kuamuliwa baadaye, na kuyapokea hakutakuwa kukubali kwamba dai limekwisha, wala hakutaathiri haki yoyote ya mdai dhidi ya dereva, mmiliki wa gari, mwajiri au mfuko wa fidia."

Wakikubali, watawaletea hati yao ya kupokelea. Isomeni yote, ikiwamo sehemu ya nyuma na maandishi madogo, kwa sababu ofisi nyingi hutumia fomu moja kwa malipo ya kila namna. Mkikuta humo maneno "kamili", "ya mwisho" au "anaachilia madai yote", mdogo wako asiyakate kwa kalamu na kutia saini papo hapo. Airudishe fomu hiyo kwa barua akiomba iandikwe upya. Wakikataa kulipa bila maneno hayo, shauri likishafunguliwa mahakama katika nchi kadhaa zina uwezo wa kuamuru malipo ya awali pale kosa la mdaiwa linapokuwa dhahiri, na kwa mguu kama huu ningemwomba wakili wenu aanze kuiandaa hoja hiyo sasa.